Mama Mkwe Hakasiriki

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia sabuni kabla hujalisoma, ngoja nikurudishe njiani kwa maneno machache. Ya leo ni mazito na sitaki mtu anikatize katikati kwa maswali.

Mimi ni mwimbaji wa bendi inayoitwa Kutu. Tuko watatu, na tunapiga panki: gitaa la kelele, ngoma za mbio, na mimi katikati nikijipasua koo. Ndiyo maana mashabiki wananiita Koromeo. Mpiga ngoma wetu ni Nyundo, ambaye mdomo wake hauna breki. Mpiga besi anaitwa Kimya, na hilo halihitaji maelezo.

Albamu ya kwanza tuliirekodi wenyewe katika chumba cha kupanga, magodoro yameegemezwa ukutani. Tukiwa katikati ya wimbo wa mwisho, waya wa gitaa langu ukakatika. Tukasimama kidogo tu, na katika kusimama kule sauti ya mwanamke ikapenya ukuta kutoka nyumba ya pili: "Toka hapa! Sitaki kukusikia tena!" Nyundo akapiga ngoma kwa woga, nasi tukaumaliza wimbo mbiombio kama watu wanaokimbizwa.

Hatukuifuta ile sauti. Wimbo tukauita "Toka", na yaliyofuata mnayajua. Redio zikaushika, viwanja vikajaa, na watu waliojaa hawakuja kunisikia mimi. Walikuja kusubiri pale gitaa linaponyamaza, wafoke wote kwa pamoja maneno ya jirani yetu.

Sasa jirani huyo ndiye mama wa mchumba wangu. Siku ile ile ya kurekodi nilikwenda kuomba radhi. Mlango akafungua binti yake, macho mekundu, nikajua tumewakatisha usingizi. Nilianza na samahani nikamalizia na kuomba namba ya simu.

Mambo yakaenda, wazee wakakaa, mama akakubali. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema harusi isubiri albamu ya pili itoke, ili nioe nikiwa na utulivu, na mama mkwe akanisifu kwamba ni kijana mwenye mipango. Kitu kimoja tu hakuna aliyethubutu kumwambia: kwamba ile sauti inayoigwa na uwanja mzima ni yake. Ni mkunga wa zamu ya usiku. Mchana analala na pamba masikioni, na redio yake inajua taarifa ya habari tu. Gitaa likianza, anaizima.

Wiki jana niliishia pale Meneja wa kampuni inayotoa muziki wetu alipomaliza kusikiliza nyimbo zetu zote mpya, akavua miwani, akauliza swali moja.

"Yule mama yuko wapi?"

"Mama gani?" nikamwuliza, na huku namjua vizuri sana.

"Usinichezee akili. Nyimbo zenu ni nzuri. Zimeoga, zimepaka mafuta, zimechana nywele. Lakini albamu ya kwanza ilikuwa na mtu aliyekasirika kweli kweli. Hii ina vijana watatu waliolala vizuri."

Hapo hakukosea. Tulikuwa tunalala vizuri. Tangu "Toka" itutoe kimaisha, Nyundo ana kitanda kikubwa hadi mlango wa chumba chake haufunguki wote, na Kimya amenenepa mashavu. Mimi ndio usiseme.

"Hasira ninayo," nikasema.

"Ya nini?"

Nikaitafuta. Nikajipekua moyo mzima kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, nikakosa hata pa kuanzia. Mchumba ananipenda. Mama mkwe akiniona nakuja anatandika kitambaa kipya mezani. Hata viatu havinibani.

"Umeona?" akasema Meneja. "Bila yule mama, albamu haitoki."

Nikamwambia hawezi kuzuia kazi ya watu kwa sababu ya sentensi moja. Akaniambia anaweza, akaondoka kwenda kula. Mimi nikabaki pale nikipiga hesabu ambayo haikuwa ngumu: albamu isipotoka, na harusi nayo haipo, kwa maneno yangu mwenyewe.

Wakaletwa waigizaji. Wa kwanza alifoka vizuri, ila alifoka kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Wa pili akaomba aelezwe kwanza historia ya mhusika.

"Ulikuwa umelala, umeamshwa na kelele," fundi mitambo akamwambia. Huyu ni mzee mmoja mpole, anavaa koti hata jua likiwaka, kwa sababu studio yake ina baridi ya machinjio.

Yule dada akafumba macho, akavuta pumzi, akasema "toka hapa" kwa huzuni kubwa kiasi kwamba Kimya alitaka kumletea kiti. Meneja akampungia mkono wa kwaheri.

"Jamani," akasema Nyundo, "mnahangaika na nini? Si tumwite mwenyewe? Ni mama mkwe wake huyu."

Kimya akamkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa. Meneja akazungusha kiti chake polepole mpaka akanielekea.

"Mama mkwe wako?"

"Mtarajiwa," nikasema.

"Kwa hiyo hasira yenyewe iko kwenu nyumbani, na mmeniacha nahangaika na waigizaji."

"Hajui kama yumo kwenye wimbo."

"Vizuri sana. Asijue. Mkasirishe tu, mrekodi, mniletee."

"Unanituma nikamkasirishe mama mkwe kabla ya harusi?"

"Baada ya harusi utamkasirisha bure," akasema. "Sasa hivi angalau tutatoa albamu."

Nyundo alicheka. Mimi sikucheka, lakini sikukataa pia, na hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Tukakipanga tena kile chumba cha zamani. Mwenye nyumba alifurahi kutuona, akasema tangu tuondoke nyumba imepooza. Tukafunga maiki usawa wa ukuta, tukangoja mama mkwe arudi kutoka kazini asubuhi na kuingia kulala. Tulipoona pazia lake limeshuka, tukaanza.

Tulipiga kwa nguvu zote. Nyundo alikuwa amevua shati. Tukafika pale pa kusimama, tukasimama, tukautazama ukuta.

Kimya. Namaanisha ukimya, si mpiga besi wetu, ingawa naye alikuwapo akiutazama ukuta kama sisi.

"Ni ile pamba," akasema Nyundo. Akazigeuza spika zote zikaelekea kwa mama mkwe. Tukaanza upya. Vumbi likashuka kutoka darini, glasi ikaanguka ikavunjika, na mlango ukabishwa hodi.

"Haya, tayari," akanong'ona Nyundo, akaelekeza maiki mlangoni.

Nikafungua. Mama mkwe alikuwa amesimama pale na shuka mabegani, mikononi kashika sinia lenye birika na vikombe.

"Shikamoo mama," tukasema, hata Kimya.

"Marahaba wanangu. Nimesikia mko kazini, nikasema kazi hii na tumbo tupu haiendi."

"Hatujakusumbua?" nikauliza. Nilikuwa na matumaini kidogo.

"Mtanisumbuaje? Mkwe wangu anatafuta riziki yake. Mimi usiku kucha nasikiliza watu wakipiga mayowe. Haya yenu angalau yana mpangilio."

Akageuza ndoo, akaketi juu yake, akatumiminia chai. Alipomaliza kikombe chake akamwomba Nyundo arudie kile kipande cha mbio, kwa sababu amekipenda. Nyundo akakirudia huku masikio yamemwiva kwa aibu. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kila pigo, akapiga miayo, akatuombea baraka, akarudi kulala.

"Ana moyo wa dhahabu," nikasema.

"Ana moyo wa kutuharibia albamu," akasema Nyundo.

Siku ya pili Nyundo alirudisha gari letu kinyumenyume mpaka ndani ya bustani ya maua ya mama mkwe. Mama mkwe akatoka, akayatazama magurudumu, akamtazama Nyundo.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa natafuta mtu wa kuyang'oa hayo. Ukitoka, pita na upande ule pia."

Ikabaki zamu ya Kimya. Alitakiwa aangushe kamba ya nguo yenye sare nyeupe za kazini za mama mkwe, na kuzikanyaga kwa bahati mbaya. Alikwenda, tukamwona kupitia dirishani akiiangusha, akizikanyaga, kisha akisimama pale pale bila kujua mikono yake aiweke wapi. Mama mkwe akatoka mbio.

"Umeteleza, mwanangu? Hukuumia?"

Kimya aliporudi, alipita katikati yetu moja kwa moja hadi kwenye beseni. "Mimi basi," akasema, akaanza kuzifua sare zile mwenyewe.

Ndivyo mchumba wangu alivyotukuta. Anafanya kazi kwenye duka la miwani, na mapumziko ya mchana huja kumwona mama yake. Alikuta gari ndani ya maua, sare ndani ya beseni, na maiki imefungwa ukutani kwa kamba ya kiatu.

"Hii ni nini?"

Nikamweleza. Nilijaribu kueleza kwa namna ambayo kampuni ndiyo mbaya na mimi niko pembeni.

"Mnamchokoza mama yangu apige kelele, mumrekodi?"

"Si sisi, ni kampuni."

"Kampuni ndiyo imepiga magoti hapo inafua?"

Kimya akainamisha kichwa zaidi.

"Ni sentensi moja tu," nikasema. "Tukiipata albamu inatoka, na sisi tunaoana. Ule wimbo wa kwanza ndio uliotukutanisha, au umesahau?"

"Sijasahau," akasema. "Ule wimbo nisipousikia tena maisha yangu yote nitashukuru. Achana na ile sauti. Nakuomba."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hivyo, na iliniuma. Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia, kisha akatazama saa ya mkononi, akarudi dukani. Nikajiambia anamwonea mama yake huruma. Akili yangu haikwenda mbali zaidi ya hapo.

Jioni ile nikampigia Meneja. Nikamwambia sirudii tena, mama mkwe wangu si chombo cha muziki, kama albamu haitoki basi haitoki, nitarudi kwa wazee na kuwaambia nimebadilisha mipango.

"Sawa," akasema. "Nimekuelewa."

Mtu aliyekuwa ananikatalia kila kitu ananiambia sawa, na mimi nikaenda kulala nikijiona nimeshinda.

Kesho yake mchumba wangu akanipigia, sauti haijatulia. "Mama yuko wapi?"

"Si amelala?"

"Hayupo. Mwenye nyumba wenu anasema amechukuliwa na gari la kampuni yenu, amevaa nguo ya kutokea."

Tulikutana mlangoni pa studio. Yeye alikuwa bado amevaa koti jeupe la dukani, na kitambaa cha kufutia miwani kimetokeza mfukoni. Tukapanda ngazi.

Mama mkwe alikuwa ndani ya chumba cha kurekodia, kwenye kiti kirefu, mkoba mapajani, hedifoni juu ya kilemba. Alikuwa amependeza. Upande wa pili wa kioo alikaa fundi mitambo na koti lake, na nyuma yake Meneja, Nyundo na Kimya. Nyundo akaangalia dari aliponiona.

"Nimemwalika kama mgeni wa heshima," akasema Meneja. "Ametaka mwenyewe kuusikia wimbo ambao kila mtu anaujua isipokuwa yeye. Sasa ataisikia sauti yake, atajua imezungushwa kila mahali bila ruhusa yake. Mtu ukimfanyia hivyo lazima apasuke. Maiki iko wazi."

"Uzime," nikamwambia fundi.

"Umeshafika katikati," akasema yule mzee kwa unyonge.

Tukaingia chumbani, mimi na mchumba wangu. Mama mkwe akatupungia mkono, akatuonyesha kidole kwamba tungoje, anasikiliza. Mguu wake ulikuwa ukifuata ngoma. Kisha mguu ukasimama, nikajua gitaa limenyamaza.

Aliinua uso. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasogeza hedifoni upande mmoja.

"Huyu si mimi?"

Nikapiga magoti. Sikupanga, magoti yenyewe yalikubali. "Ni wewe, mama. Ulitufokea tukakurekodi, halafu tukanyamaza, na wimbo ukaenda mbali. Nisamehe."

"Inuka, utachafua suruali."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mkoba ukadondoka, akacheka mpaka ikabidi ashike kiti. "Ndiyo maana manesi wadogo wakiniona wananiambia toka hapa, wanaangua kicheko. Mimi nilidhani ndiyo salamu ya siku hizi, na mimi nawaitikia."

Nyuma ya kioo Meneja alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Siri iliyokuwa inaninyima usingizi wa mchana imetoka, na mama mkwe anacheka. Albamu ilikuwa imekufa, lakini mke nilikuwa naye. Nikamgeukia mchumba wangu nitabasamu naye. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kitambaa cha miwani amekikunjakunja mkononi, na hakuwa anacheka.

"Lakini mkwe," akasema mama mkwe huku akijifuta machozi, "una moyo. Nasema kweli. Mwanamume mwingine asingeweza kuuimba huu wimbo."

"Kwa nini, mama?"

"Kusimama mbele ya watu kila siku na kukumbushwa habari za yule mwanamume? Mimi mwenyewe sipendi hata kumtaja."

"Mwanamume gani?"

Kicheko kikakatika. Mama mkwe alinitazama mimi, kisha akamtazama binti yake, na akaendelea kumtazama.

"Hujamwambia?"

"Mama, twende nyumbani."

"Nimekuuliza. Hujamwambia?"

"Aniambie nini?" nikasema, na sauti yangu niliisikia ikitoka nyembamba. Sauti hii hii inayolipiwa viingilio.

Mama mkwe akavua hedifoni, akaiweka mapajani. "Mwanangu, siku ile sikuwafokea nyinyi. Kelele zenu nilikuwa nimeshazizoea. Nilikuwa namfukuza mume wake."

Spika ya ukutani ikakwaruza. "Hapo hapo, endeleeni," ikasema sauti ya Meneja. "Nasikia kitu." Hakuna aliyemgeukia.

"Alimwacha mwanangu akaenda kuishi na mwanamke wa kazini kwake," mama mkwe akaendelea. "Mwanangu akarudi kwangu na sanduku moja. Nikamlea upya. Halafu asubuhi moja nimetoka zamu, sijavua hata viatu, huyo mwanamume anabisha hodi amevaa suti. Nilimfungulia na kumfokea kwa pumzi moja. Hakuvuka kizingiti. Nilimwambia huyu binti, ukipata mtu mwingine, hili mwambie mwenyewe kwa kinywa chako, mimi sitaliingilia. Akaniambia ameshakwambia, nawe huna neno."

Nikamgeukia. "Ulikuwa na mume?"

"Nimejaribu kukwambia," akasema mchumba wangu. "Hujui nimejaribu mara ngapi. Kila nikifungua mdomo unaniambia ngoja kwanza tumalize albamu."

Yalikuwa maneno yangu kabisa, hata sauti aliyoiiga ilikuwa yangu. Niliumia, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikuwa na mtu wa kumlaumu vizuri.

"Basi, yameshapita," akasema mama mkwe, ameshachukua mkoba wake sakafuni. "Mkwe wangu ni mtu mwelewa. Mtu kuwa na ndoa ya kwanza si ugonjwa. Talaka alishakupa, sasa tunang'ang'ania nini hapa?"

Mchumba wangu akakitazama kitambaa chake.

"Talaka alikupa," mama mkwe akarudia. "Uliniambia alikupa."

"Nilikwambia ili upate kulala, mama."

Mimi nilitafuta ukuta wa kuegemea. Ukuta wa studio una sponji, unazama ukiuegemea, nikazama nao.

"Hakukupa?"

"Siku ile ndiyo alikuja kunipa." Alikuwa anasema taratibu sasa, kama mtu anayetua mzigo kichwani. "Alinipigia simu akiwa njiani. Akasema amekosa, anakuja tuachane kwa heshima, mbele yako. Suti ile aliivaa kwa ajili hiyo. Mimi nilikuwa naoga, nasema nikitoka nikwambie kabla hajafika. Nikasikia unafoka. Nimetoka mbio na povu kichwani, nakuta umeshapiga komeo na yeye hayupo."

"Kwa hiyo mimi ndiye," akasema mama mkwe, hakumaliza.

"Hukujua."

"Mimi ndiye niliyekufunga."

Nilifikiria viwanja vyote vile. Maelfu ya watu, mikono juu, wakingoja mimi ninyamazishe gitaa kwa mkono wangu, ili wamfukuze mwanamume aliyekuja kumwacha huru mke ninayemtaka. Nyumba ninayokaa imetokana na lile komeo. Na lile komeo ndilo linalonizuia kuoa.

"Umemtafuta?" nikamwuliza.

"Nilipiga mpaka nikachoka. Hakupokea. Akahama na kazi. Halafu wewe ukaanza kuja nyumbani, nikaona haya, nikaacha kupiga."

"Namba unayo?"

"Ninayo. Akiona ni mimi hapokei."

"Yangu haijui," nikasema, nikatoa simu yangu mfukoni.

Mchumba wangu akasita. Mama mkwe hakusita. Aliichukua simu mkononi mwangu, akamwambia binti yake ataje namba, akaibonyeza kwa kidole kimoja, akaiweka kwenye spika ili tusikie wote. Iliita muda mrefu. Nyuma ya kioo Nyundo alikuwa mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakikutoka kitu.

"Haloo," akasema mwanamume. Sauti ya kawaida tu, ya mtu mstaarabu. Nilitegemea sauti mbaya zaidi.

"Mwanangu, usikate simu," akasema mama mkwe. "Ni mimi."



"Mama," akasema yule mtu. "Sauti yako naijua. Nitaisahauje? Kila ninapopita naisikia."

"Ndiyo, nami nimeisikia leo. Sasa nisikilize. Siku ile ulikuja na neno lako, sikukupa nafasi ya kufungua mdomo. Nilikosa. Mimi ni mtu mzima na nakuomba radhi." Kichwa alikiinamisha kama vile yule mtu anamwona. "Leo nafasi ninakupa. Sema lile ulilokuja kulisema, tulimalize, kila mtu ashike njia yake kwa amani."

Mchumba wangu alikuwa ameshika mkono wa shati langu. Sikumkatalia. Pamoja na yote niliyoyasikia, nilikuwa nampenda vile vile, na nilikuwa naomba kimoyomoyo kwa ajili ya neno moja tu kutoka kwenye ile simu.

Yule mtu akakohoa.

"Asante, mama. Hujui umenitua mzigo gani. Nilikuwa nakuogopa wewe tu." Akakohoa tena. "Lile nililokuja nalo siku ile nimeshalitupa. Yule mwanamke tuliachana zamani. Mama, ule wimbo umenitia adabu. Kila ukipigwa nafukuzwa upya, kwenye basi, kwa kinyozi, kila mahali, mpaka nikakubali kwamba nilistahili. Nimekuwa mtu mwingine. Kama leo umenisamehe, basi kesho nakuja kwako kumchukua mke wangu."

Mama mkwe aliitazama simu. Midomo yake ilisogea, lakini yule mkunga aliyewahi kutikisa ukuta hakuwa na sauti.

"Yupo hapo karibu?" akauliza yule mwanamume. "Naomba nimsikie tu. Mama? Yupo?"

Mkono wa shati langu ukaachiwa. Mchumba wangu akasogea mbele, akaichukua simu yangu mkononi mwa mama yake, akaizima spika, akaiweka sikioni.

"Nipo," akasema mke wake.